Mashine Mbili za Marehemu

Machi 2
Mvua ya kwanza imepiga alasiri, dakika kumi tu, ikakata. Nimefunika kuni zilizopasuliwa kwa turubai na kuweka mawe pembeni. Naandika kwenye daftari la marehemu mume wangu kwa sababu lina kurasa nyingi tupu. Mbele ameandika tarehe za kubadilisha plagi na urefu wa minyororo. Huku nyuma nitaandika yangu, maana katika ua huu sina wa kumwambia.

Shemeji amekuja tena. Ni mdogo wake marehemu, anakaa nyumba ya kushoto na mkewe, Mama Pacha. Nyumba ya katikati ni ya mama mkwe. Ya kulia, yenye banda la kuni, ni yangu. Bomba moja, geti moja, na macho sita ya watu wazima yanayonihesabia hatua.

"Shemeji, zile mashine zinakaa bure," akasema.

"Jana nimekata magogo sita. Umezisikia mwenyewe, ulifunga dirisha."

"Namaanisha zinakaa vibaya. Mashine ile inamtaka mwanamume."

"Imekwambia wewe? Mimi miaka yote haijaniambia."

Akacheka kwa pua, akaondoka. Geti hakufunga.

Machi 4
Niandike ni kitu gani tunagombania, asije mtu akasema baadaye ni dhahabu.

Ni misumeno miwili ya mnyororo ya zamani, ile ya wakata miti wenyewe, iliyofanya kazi katika kampuni ya mbao hadi kampuni ikafungwa. Mume wangu alikuwa mkataji wao, akaichukua kama sehemu ya haki zake. Mkubwa anaitwa Kifaru. Ni chuma kitupu, hana plastiki hata ya kuchokolea meno. Ana kilo kumi na moja kabla hujamtia mafuta, hana breki ya mnyororo, na ukimshika nusu saa mikono inakufa ganzi hadi kwenye viwiko. Mdogo ni Kinanda. Hicho ni cha matawi, na kinawaka kwa mvuto wa pili kila siku ya Mungu.

Macho ya mume wangu yalipoanza kushindwa na tupa, kunoa kukawa kazi yangu. Kisha kuchanganya mafuta, kisha kabureta, kisha kukata. Miaka kumi na moja. Alipokufa sikujifunza kitu kipya isipokuwa kuinua upande wa pili wa gogo peke yangu.

Machi 7
Mvua. Nimenoa.

Machi 9
Shemeji amenunua msumeno mpya, mwekundu, mwepesi kama sahani. Ameuwasha getini ili nisikie. Nimesikia. Mnyororo umelegea, unapiga upanga, kile chuma kirefu unachokizunguka. Sikumwambia.

Machi 13
Mwoka mikate amekuja kuangalia kuni zake. Tanuri lake linakula mzigo mzima kwa siku tatu, na kuni zikiwa na maji mikate inatoka na sura ya mgonjwa. Akagonganisha vipande viwili, vikalia vizuri.

"Kavu," akasema. Halafu, huku akitazama chini, "Shemeji yako anasema anaweza kunipa bei ya chini."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi ni mtu wa mikate, mama. Sitaki vita vyenu."

Watu wasiotaka vita ndio wanaouza mapanga pande zote mbili.

Machi 16
Msumeno mwekundu umekufa. Wiki moja. Nimemsikia shemeji akivuta kamba tangu asubuhi mpaka adhuhuri, halafu kimya, halafu kishindo cha kitu kutupwa ukutani. Nimekunywa chai yangu vizuri sana.

Machi 21
Leo nitaandika mpaka kalamu iishe.

Nilikwenda mjini kununua tupa ya duara, maana ile ya zamani imekuwa laini kama kidole. Banda nililifunga. Ufunguo wa akiba uko kwa mama mkwe tangu enzi za marehemu, umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wake. Sikuwahi kuuomba, kwa heshima.

Nimerudi saa nane. Banda limefungwa, kila kitu mahali pake. Kifaru amekaa kwenye kigogo chake, amefutwa vumbi. Hapo ndipo moyo ulipopiga, kwa sababu mimi simfuti vumbi, namfuta mafuta. Nikashika kamba ya kuwashia, nikavuta taratibu. Kwa kawaida anakukatalia, unasikia upepo ukikusukuma mkono. Leo kamba imekuja nyepesi, na ndani kitu kikakwaruza.

Nikafungua ekzosi, skrubu mbili tu, nikachungulia kwa tochi kupitia tundu la moshi. Pistoni, ambayo upande wake ulikuwa unang'aa kama kijiko, imechanwa michirizi kutoka juu hadi chini. Ringi imeshikana na chuma. Nikafungua tangi nikanusa, nikamimina kidogo kwenye kikombe cheupe. Maji matupu kwa rangi. Petroli kavu, bila tone la oili.

Mtoto anayezaliwa kwenye ua wa kuni anajua kwamba mashine hizi hunywa oili ndani ya petroli yake. Sehemu ishirini na tano kwa moja. Ukimpa petroli tupu umemkimbiza mtu jangwani bila maji, halafu unashangaa ameanguka.

Nilikaa chini sakafuni na ekzosi mapajani. Sikulia. Nilifikiria shoka, na sikulifikiria kwa ajili ya kuni.

Machi 22
Nimemkuta shemeji bombani.

"Umemuua Kifaru."

"Kifaru gani tena?"

"Ulimtia petroli kavu."

Akaendelea kujaza ndoo. "Shemeji, mashine ile ni kuukuu kuliko mimi. Imekufa kwa uzee. Hata watu hufa."

Kusema hivyo kwa mjane, tena bombani, ndoo yake ikijaa. Nikafunga bomba, ndoo ikabaki nusu. Ndilo lililowezekana mbele ya watu.

Machi 23
Nilikwenda kwa mama mkwe. Nilitegemea atageuza uso, aseme hajui, mlango huwa wazi, watu hupita. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumjibu. Alikuwa anachambua mchele.

"Mama, ufunguo wangu ulitoka hapa?"

"Ulitoka. Nilimpa mimi."

"Kwa nini?"

"Aliuomba. Ni mwanangu." Akatupa kijiwe. "Angekuwa wako usingempa?"

Sina mtoto, na yeye anajua. Nikaondoka na maneno yangu yote mdomoni, yamekosa pa kutua.

Machi 24
Sitampelekea tena mama mkwe uji wa asubuhi.

Machi 30
Mvua siku ya sita mfululizo. Ua ni tope. Kinanda peke yake hakiwezi magogo makubwa. Kinakata, lakini kinapumua kama mwenye pumu, na mimi pia.

Mwoka mikate amehamia kwa shemeji, aliyetengenezewa ule mwekundu kwa fundi wa pikipiki. Hakuja kuniambia. Nimeona tu mkokoteni ukipita mbele ya banda langu na kuni mbichi, utomvu unatoka. Akufukuzaye hakwambii toka.

Aprili 6
Mwuza vyuma chakavu wanamwita Sumaku. Nimezunguka kwake mara tatu, kila mara ananijibu bila kuinuka, "Mashine za zamani hizo, mama, pistoni yake utaipata kaburini." Leo nimeamua kutafuta mwenyewe. Nimepekua lundo kwa saa mbili kwenye manyunyu, na chini ya mlango wa gari nimemwona ndugu yake Kifaru. Hana upanga, hana tangi, kabureta imeng'olewa, lakini kichwa kizima. Nikaingiza kidole kwenye tundu la moshi. Laini.

"Nipe hii takataka," nikasema, nikijifanya nimechoka.

Sumaku alinitazama macho, si mikono. "Takataka hutafuti saa mbili kwenye mvua," akasema, akapandisha bei. Nimelipa. Mjinga hakuwa yeye.

Aprili 9
Pistoni ya yule wa kwa Sumaku imetoka nzima. Silinda ya Kifaru haikuchanika. Ni alumini ya pistoni iliyoyeyuka ikang'ang'ania ukutani. Nimechovya kijiti chenye pamba kwenye asidi ya kusafishia masinki, nikapaka kidogo kidogo palipo na doa tu. Inachemka, inatoa povu, unafuta, unarudia. Dirisha wazi, kitambaa puani. Mama Pacha amepita akasimama mlangoni.

"Unapika nini?"

"Kosa la mumeo."

Hakuondoka. Alitazama mpaka povu likaisha. Huyu mwanamke nimeishi naye ua mmoja miaka minane na sijui sauti yake akicheka.

Aprili 14
Gasketi nimekata mwenyewe kwa karatasi ngumu. Ringi zimeingia. Kidole kimechanika.

Aprili 17
Amewaka.

Mvuto wa saba. Nikarudisha skrubu ya kabureta mzunguko mmoja na robo, nikamwacha apaliwe kidogo na mafuta anapokimbia, ndivyo pistoni mpya inavyotaka. Moshi ulijaa banda zima. Nilimwacha angurume kwa dakika tano nzima. Dirisha la kushoto likafungwa. La katikati halikufungwa.

Aprili 22
Gogo moja, mapumziko. Gogo moja, mapumziko. Pistoni mpya haikimbizwi.

Aprili 28
Mwoka mikate kanikuta dukani, kalalamika kuni za shemeji zinatoa moshi tu, tanuri halishiki. Nikamwambia pole. Akasubiri niseme jingine. Nikanunua chumvi yangu.

Mei 3
Nataka liandikwe leo, kabla halijaanza kubadilika kichwani.

Upepo wa jana uliangusha mti mkubwa nyuma ya tanuri la mikate. Shina lilikuwa limelala, ncha moja juu ya ukuta, nyingine ardhini, katikati hewani. Mwoka mikate alimwita shemeji. Mimi nilisikia ule mwekundu ukilia kwa mbali tangu saa mbili, halafu ukanyamaza ghafla. Nikatabasamu. Nikajua umebanwa. Shina lililoshikwa ncha zote mbili hujikunja, mgongo wake hubana. Ukikata kutoka juu, linaukamata upanga kama mlango unavyokamata kidole.

Halafu Mama Pacha akaingia getini anakimbia, miguu mitupu, tope hadi magotini.

"Gogo limemlalia. Mguu. Njoo."

Sikuinuka mara moja. Akanishika mkono, mara ya kwanza katika miaka minane.

"Njoo," akasema tena. "Ututukane ukishamtoa."

Nikambeba Kifaru, yeye akabeba kabari na kidumu cha mafuta.

Shemeji alikuwa amejaribu kuunasua msumeno kwa shoka. Ncha ya ardhini ilibiringika kwenye mteremko, ikamkalia mguu chini ya goti. Wanaume saba walikuwa wameshika shina, tayari kuinua.

"Acheni," nikasema. "Mkiinua huku litabiringika, litapanda kifuani."

Wakaacha. Niliwaambia wapange magogo mafupi chini ya shina pande zote mbili za mguu, nikagongelea kabari mpaka shina likatulia kabisa. Uso wa shemeji ulikuwa wa kijivu. Hakupiga kelele. Alikuwa ananitazama.

Hapa ndipo nataka niandike sawasawa.

Nilikaa juu ya jiwe, nikamweka Kifaru mapajani, nikatoa tupa mfukoni, nikanoa. Meno mawili. Mnyororo ule niliunoa jana jioni na haukuwa umegusa kitu. Nilijua ni mkali. Nilinoa jino la kwanza mipigo mitatu, nikahamia la pili, mipigo mitatu, nikipuliza vumbi katikati. Sauti ya tupa ilikuwa ndiyo sauti pekee. Yeye akinitazama, na mimi nikitaka anitazame. Nilitaka ajue anayemngoja ni nani na ni mashine gani. Ni muda wa pumzi kumi hivi. Mtu akiwa chini ya gogo, pumzi kumi si chache.

Kisha nikasimama, nikamwasha. Mvuto wa pili. Nikakata kutoka juu robo tu, nikatoa, nikaingia kwa chini nikipandisha. Kifaru hakusita. Shina likaachana kwa mlio mmoja, upande wa ukutani ukashuka juu ya magogo yetu, na kile kipande kifupi cha mguuni wanaume wakakiinua kama benchi.

Mguu ulikuwa umevunjika. Walimpakia kwenye gari la mikate. Mama mkwe alikuwa amefika, sijui saa ngapi. Alikuwa amesimama karibu na lile jiwe langu.

Mei 4
Amelazwa. Mfupa umevunjika sehemu mbili. Mguu utabaki.

Mei 5
Hakuna aliyenishukuru. Wala sikungoja.

Mei 8
Niliamka nikijiambia tupa ilikuwa ya lazima. Kufikia saa nne nilikuwa karibu naamini. Nikasoma ya Mei 3, nikaacha kuamini.

Mei 12
Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba mkwe, ametuma salamu kwamba atakuja kikao kikiwa tayari, yaani shemeji akitoka hospitali. Agenda ni mashine. Mtu ana plasta hadi pajani na bado anazitaka.

Mei 18
Kikao kilikuwa sebuleni kwa mama mkwe. Baba mkubwa kwenye kiti chenye mikono, shemeji mguu juu ya stuli, Mama Pacha amesimama mlangoni, mama mkwe kwenye mkeka. Mimi nilipewa kigoda.

Shemeji alianza. Mashine zililetwa katika ua wa baba yao, kwa hiyo ni za ukoo. Mimi sina mtoto wa kuzirithi. Maneno yale yale, yamevaa nguo za kikao. Halafu sauti yake ikawa nyingine, ya kweli.

"Na siku ile, baba, nilikuwa chini ya gogo. Nilikuwa namwona. Amekaa kwenye jiwe, ananoa."

Wote wakanigeukia. Baba mkubwa akajikuna shavu. Ni mtu mwema, hapendi mambo yaharibike. Akaniuliza taratibu, kama anayemshika mtu mkono avuke mtaro, "Nadhani msumeno ni lazima unolewe kabla ya kazi kama hiyo, au sivyo, mama?"

Nilikuwa na jibu, tena la fundi. Mnyororo butu huvuta, ungetikisa gogo, mguu ungekatika. Hakuna mtu katika chumba kile ambaye angeweza kunipinga.

"Ulikuwa umeshanolewa," nikasema. "Niliunoa siku iliyotangulia. Nilikaa kwa sababu nilitaka anione nimekaa."

Mama Pacha akaziba mdomo. Shemeji akafumba macho. Nadhani alikuwa amejiandaa nikane.

Aliyefuata kusema ni mama mkwe. Hakuinua sauti.

"Ufunguo wa banda nilimpa mimi," akamwambia baba mkubwa. "Akaichukua mashine ikiwa nzima, akairudisha imekufa. Nilimwona akiifuta vumbi."

"Mama," shemeji akasema.

"Nyamaza. Miaka kumi na moja nimemwona huyu akinoa pale kizingitini, mvua na jua. Wewe nimekuona unakuja kuazima. Mashine ni zake." Akanigeukia. Macho yake yalikuwa makavu. "Lakini nilikuwepo kwenye lile jiwe. Nilikuona ulivyomtazama mwanangu. Katika ua wangu hutalala tena."

Baba mkubwa alijaribu kusema tufikirie, tupoe, damu nzito. Mama mkwe alikuwa ameshasimama, anakunja mkeka.

"Sawa, mama," nikasema. Na nikagundua, nikiwa bado kwenye kile kigoda, kwamba ndiye mtu pekee katika ua huu ambaye hajawahi kunidanganya. Nilimchukia kwa Machi nzima na Aprili nzima. Sasa ndiyo nimeanza kumheshimu, na ndiyo siku aliyonifukuza.

Mei 21
Nimepata karakana ya zamani ya malori, upande wa pili wa mji. Sakafu imenywa oili, paa linavuja pembe moja tu. Uwanja wake unatosha.

Mei 26
Nimehama. Mkokoteni umekwenda safari nne. Mama mkwe hakutoka nje. Mama Pacha alikuja bila kuitwa, akamwinua Kifaru kwa mikono miwili, akayumba.

"Mzito hivi?"

"Hapo hana mafuta."

Akambeba mwenyewe hadi mkokotenini, hakukubali nimsaidie. Alipomweka chini akasema, akitazama pembeni, "Ningekuwa mimi, siku ile nisingekwenda kabisa." Kisha akarudi ndani kumpikia mumewe.

Mei 31
Mvua inapungua. Turubai jipya.

Juni 4
Mwoka mikate amekuja hadi huku, anatafuta mlango wa kuingilia kwa maneno. Nikamwambia kuni kavu ziko Alhamisi, na akitaka kuniletea habari za bei ya chini aende kule alikozisikia. Amelipa kabla.

Juni 9
Jua siku nzima. Kuni zinapasuka zenyewe kwa ukavu, unasikia mlio kwenye lundo.

Saa tano nilikuwa katikati ya gogo nene, Kifaru amezama hadi nusu, nilipoona mtu upande wa pili wa barabara. Magongo mawili, plasta imechafuka. Shemeji. Hajui kutembea nayo bado, atakuwa ametumia asubuhi yote kufika. Alivuka, akasimama penye geti, akasema kitu. Niliona midomo. Mngurumo ulifunika kila kitu.

Swichi ya kuzima iko chini ya kidole gumba. Ni kusukuma tu, kama kufuta tone la maji.

Nilimaliza gogo. Likaanguka. Nikahamia la pili. Alikuwa bado yupo, amelegeza bega moja juu ya gongo, akasema tena, safari hii maneno machache zaidi. Nilimwona vizuri usoni na sikuweza kusoma kama ni shukrani au laana, na sikuzima ili nijue. Kwenye gogo la tatu niliinama kuangalia oili ya mnyororo. Nilipoinuka alikuwa ameshafika mbali, anakwenda kwa vipande, gongo, mguu, gongo.

Nikazima. Masikio yaliendelea kuvuma. Nilisimama pale getini hadi akakata kona, halafu nikasimama tena kidogo, sijui nikingoja nini.

Nimekata magogo saba leo. Yamebaki mawili.